Profesa alilamba magadi, mgeni rasmi akachelewa

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu na, kwa sehemu, yalinirukia suruali. Msiniombe picha.

Mdogo wangu Elisante anaishi Gendabi, huku Hanang. Binti yake Neema, wa kidato cha tatu, alilea dume mmoja tangu akiwa ndama aliyefiwa na mama. Alimnywesha maziwa kwa chupa, akamwita Profesa.

Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa adabu zote: "Shikamoo baba mkubwa. Anatafuna muda mrefu kabla ya kufanya chochote."

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nilielewa.

Elisante alikuwa ametoa tamko: Profesa akishinda maonesho ya mifugo ya vijana pale Katesh, atabaki nyumbani awe dume la mbegu. Akishindwa, anakwenda mnadani. Kutoka mnadani kila mtu anajua njia inaishia wapi: kwenye ndoano ya bucha.

Ushindi ulitegemea uzito.

Mpinzani wa kutisha alikuwa dume wa Zainabu, binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe pale Katesh. Kwato zimesuguliwa, pembe zimepakwa mafuta. Kusema kweli, alipendeza kuliko waamuzi.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya watu wa mjini. Ng'ombe akilambishwa magadi kwa wingi, atakunywa maji mpaka tumbo liwe ngoma. Kwa muda mfupi, mizani humheshimu sana.

Neema alifanya hivyo alfajiri. Sikushauri wala sikukataza. Nilikuwa nakunywa chai.

Hila ilikuwa kamili, ila ilimsahau mgeni rasmi. Iliamuliwa kwamba hakuna mnyama atakayepimwa kabla yeye hajahutubia. Alifika jua likiwa utosini, akashika kipaza sauti, akaanzia enzi za mababu.

Profesa, aliyefungwa mstari wa mbele, alivumilia utangulizi. Alivumilia salamu kwa viongozi wote, waliokuwepo na wasiokuwepo. Iliposemwa "sasa niingie kwenye mada," akatanua miguu.

"Profesa, bana!" Neema alimnong'oneza. "Bana kidogo tu!"

Hakubana. Uwanja ule una mteremko, na mteremko unaelekea kwenye zulia la wakubwa.

"Mwacheni," mzee mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, "naye anahutubia!"

"Tena ujumbe wake umefika kwa wananchi!" mwingine akadakia.

Mheshimiwa alimaliza hotuba akiwa amesimama juu ya kiti.

Alipopanda mizani, Profesa alikuwa amebaki na mwili wake halisi. Dume wa Zainabu akashinda. Neema alilaza uso kwenye shingo ya Profesa akalia, na hapo, wakuu, hata wale wazee wa nyuma walivua kofia.

Mnada uliofuata, Elisante akampeleka. Neema alishika kamba, akakataa kumpa mtu. Wa kwanza kusogea alikuwa baba yake Zainabu. Alimzunguka Profesa, akampigapiga tumbo.

"Elisante, huyu si lile tangi? Leo umejaza lita ngapi?"

"Haki ya Mungu, leo hajalamba kitu!"

"Ndugu yangu, mimi nanunua nyama. Maji nitachota mwenyewe."

Basi ikawa ndiyo burudani ya mnada. Kila mchuuzi alipita, akapiga tumbo, akatega sikio, akacheka, akaenda zake. Elisante, ambaye siku hiyo alikuwa anasema kweli tupu, aliapa mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyenunua.

Walirudi Gendabi kwa miguu: Elisante mbele, Profesa katikati, akitafuna, Neema nyuma kabisa, asionekane anavyotabasamu.

Walipofika zizini, Elisante akatamka hukumu: "Huyu atazeekea hapa. Nani mwingine atamtaka?"

Leo majirani huleta mitamba yao kwake, na ndama wake wana mapaja ya kupigiwa mfano. Baba yake Zainabu hupita kuwaulizia. Hujibiwa kwa heshima kwamba hawauzwi.

Nilichojifunza ni kwamba hila huisha muda wake, ila hotuba haiishi. Neema alishindwa kwa sababu ya hila, na aibu ya hila hiyohiyo ikamrudishia dume wake. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na sehemu kubwa ya historia ilikwenda hivyohivyo.

Wafugaji wa Yaeda Chini mliomo humu, leteni ya kwenu. Na anayejua dawa ya kutoa harufu ile kwenye suruali ya kitambaa asiwe mchoyo. Sabuni zimeshindwa.