Zamu ya Nicolasa

Wewe unayesoma, nani alikuhakikishia kwamba kilicho chako ni chako?

Ubaldo Cassiani hakuwahi kujiuliza. Alikuwa mtu wa spika, mpiga muziki wa sherehe. Kijiji kizima cha Palenque kililijua spika lake, pana kama kabati la nguo, limechorwa chui wa njano usoni, na kwenye ubatizo alialikwa yeye kwanza, padri baadaye. Muziki wake wote ulikaa kwenye kompyuta mpakato aliyoinunua kwa mtu huko mjini Cartagena ikiwa imeshatumika. Muziki ule hakuuhofia, maana ungepatikana popote. Kisichopatikana popote kilikuwa sauti ya mama yake.

Mama yake, Nicolasa, na shangazi yake, Dionisia, walikuwa mawifi wasiogombana, ajabu ya kijiji. Wao ndio waliowaimbia wafu. Aitaye huita peke yake, na wanawake wote huitikia, mpaka marehemu aingie shimoni. Walikuwa wamekubaliana kwamba atakayetangulia ataimbiwa na atakayebaki.

“Na atakayebaki je, nani atamwimbia?” Dionisia aliuliza.

“Mimi. Ubaldo atanitia kwenye mashine yake.”

“Wifi, kumbe hata kufa hakutakunyamazisha!”

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Lakini Nicolasa hakuwa akitania. Mchana mmoja alifunga mlango, akaketi mbele ya kipaza sauti cha mwanawe, akaimba wimbo wote wa kumuaga wifi yake aliye hai. Alipomaliza alijifuta uso kwa khanga yake ya kichwani, akaonya:

“Wimbo wa maiti haupigwi pasipo maiti. Usije ukausambaza kwenye simu za watu.”

Ubaldo alitii. Hakuunakili popote.

Nicolasa akatangulia. Dionisia akamwimbia mpaka kaburini, sauti ikimkatika na kurudi. Siku ya tisa, matanga yalipoondolewa, madhabahu ya maombolezo iliyowekwa nyumbani ilivunjwa na nyumba ikafagiwa kuelekea mlangoni, ili marehemu aende zake asipate sababu ya kurudi. Ndipo simu ya Nicolasa ikalia juu ya kabati.

“Kaka, izime!” Fidelina, dada yake Ubaldo, alipiga yowe. “Wanamwita!”

Akamtupia mkasi wa kushonea. Ubaldo aliichomoa laini, akaikata vipande, akaenda kuvimwaga kijitoni. Wazee walimsifu kwamba huyo ndiye mwana.

Mwaka ukazunguka. Alfajiri moja Dionisia naye akakata roho, na mazishi yakapangwa kesho yake asubuhi. Fidelina alikuja mbio.

“Kaka, mlete mama.”

Ubaldo akaiwasha kompyuta. Jana yake ilikuwa imejisasisha yenyewe, kama ilivyozoea. Leo haikufika kwenye picha ya chui iliyopamba skrini yake. Ilisimama kwenye ukurasa wa buluu, ikadai ufunguo wa tarakimu arobaini na nane. Alijaribu namba zote alizozijua maishani. Hakuwa na nyingi.

Akaifunga kwa taulo, akapanda basi la Cartagena hadi kwa fundi aitwaye Yesid.

“Diski imefungwa, mzee wangu,” Yesid alisema.

“Imefungwa na nani?”

“Na kompyuta yenyewe. Siku mlipofungua akaunti ya mtandaoni ilijifunga kimyakimya, ili mwizi akiiba asisome vitu vyako.”

“Mwizi yuko wapi?”

“Hayupo.”

“Sasa inamfungia nani?”

Yesid alikuna kichwa. Mtu anawekewa mlinzi ambaye hakumwomba, mlangoni pake mwenyewe, mlinzi anaupeleka ufunguo ng’ambo kwa watu asiowajua, na mwenye nyumba haambiwi hata neno. Kisha siku ya msiba mlinzi anamtazama usoni na kumuuliza: wewe nani? Huo wanauita usalama.

“Ufunguo umo ndani ya akaunti,” Yesid alisema. “Nenosiri unalo?”

“Alifungua dada, na nenosiri ameshalisahau. Mimi nabonyeza zile namba nne za kuingilia tu.”

“Basi tuombe jipya. Watatuma meseji kwenye simu mliyoandikisha. Inaishia na sifuri na saba.”

Ubaldo aliketi kwenye kreti la soda. Siku ile ya kuandikisha, simu yake ilikuwa imetumbukia majini, kwa hiyo Fidelina aliandika namba ya mama. Akamweleza Yesid hivyo.

“Laini iko wapi?”

“Niliikata.”

“Kwa nini, mzee?”

“Ili asiitwe.”

Yesid hakucheka. Bibi yake pia alikuwa wa Palenque. Alisema tu kwamba laini ikikaa kimya muda mrefu huuzwa upya, huenda namba ina mtu. “Piga. Mimi naomba hiyo meseji.”

Ubaldo akapiga namba ya mama yake. Ikaita. Mwanamke akapokea, nyuma yake mafuta yakichachatika kikaangoni.

“Haloo, nani mwenzangu?”

“Mama, samahani. Mimi Ubaldo, natoka Palenque. Namba hii ilikuwa ya marehemu mama yangu.”

“Pole, baba. Sasa?”

“Sasa hivi itaingia meseji yenye tarakimu. Naomba unisomee tu.”

Mwanamke akaangua kicheko.

“Ee! Leo mmekuja na marehemu! Wiki iliyopita nilishinda gari. Juzi mwanangu amekamatwa na polisi, na mtoto sijazaa!”

“Mama, mimi si tapeli. Kesho tunazika, na wimbo—”

“Kazikeni! Huna haya, kumtoa mama yako kaburini umfanyie biashara?”

“Nakuapia, mama yangu...”

“Kasauti kako katamu, kijana. Katafute kazi redioni.”

Akakata. Alipopigiwa tena alikuwa ameshamfungia. Kwa simu ya Yesid alisikia neno “Palenque” tu, akakata. Meseji ilikuwa imemfikia bila shaka, tarakimu zote ziko kiganjani mwake, naye anageuza samaki.

“Naweza kuifuta yote ianze upya,” Yesid alisema kwa upole. “Mashine itapona.”

“Na mama?”

“Atafutika.”

Ubaldo akaifunga tena kwa taulo.

Fidelina alikuwa uani akikuna nazi ya wali wa waombolezaji. Aliona uso wa kaka yake aliporudi, akaacha mbuzi ya nazi.

“Chui ulimchora! Kelele zote za dunia umehifadhi, mama mmoja tu...” Akampiga kifuani kwa ngumi zenye machicha, mara mbili, tatu. Kisha akayapangusa yale machicha shatini mwa kaka yake. “Mkasi nilikupa mimi,” alisema.

Asubuhi iliyofuata Ubaldo alisimama kando ya kaburi. Mpiga ngoma mzee alipiga pigo la kumkaribisha aitaye. Hakuna aliyeita. Akapiga tena. Fidelina alifungua kinywa, akapata maneno mawili, yakamponyoka. Ndipo wanawake wakaitikia hivyo hivyo, wakauitikia ukimya. Wakanyamaza urefu ule ule aliozoea kuutumia Nicolasa akiita, wakaitikia tena. Jeneza lilishushwa katika zamu hiyo ya kimya ya Nicolasa, kwa hiyo Ubaldo alisikia kamba tu, zikikwaruza ubao hadi chini.