Nilimwambia Alete Mume, Akaja na Bibi

Admin, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, maana huku kwetu habari inafikaga kabla ya mwenyewe. Mimi ni nesi, nina miaka 31, kwetu ni Kitaji hapa Musoma, ila kazi nafanyia zahanati moja ya Butiama, upande wa Buhemba. Nimeolewa, nina mtoto mmoja. Wanaonijua wanasema nina mdomo. Ni kweli, na safari hii umeniponza.

Miezi michache iliyopita nilichaguliwa kwenda mafunzo ya magonjwa ya zinaa, siku tano, Musoma mjini. Nilifurahi jamani! Miaka yote anaendaga mfawidhi wetu, yaani bosi wa zahanati, akirudi anatuletea kalamu. Tukafundishwa kuongea na mgonjwa bila kumwaibisha, kutunza siri yake, kumtibu siku hiyohiyo, na kumwomba amlete mwenza wake naye atibiwe. Tukawa tunaigiza, huyu mgonjwa, huyu nesi, na mimi nilipigiwa makofi. Kaka mmoja wa Bunda akauliza, "Na kwenye nyumba ntobhu, mwenza ni nani?" Mwezeshaji akasema swali zuri, tutalirudia baada ya chakula. Hatukulirudia.

Kwa msiotoka Mara, nyumba ntobhu ni hivi: huku mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti. Anamchagulia mwanaume wa kuzaa naye, ila watoto ni wa nyumba ya yule mama, na mume kwa mila ni yeye. Mimi nimezaliwa huku, nilikuwaga nasikia tangu mdogo. Sina cha kujitetea.

Nikarudi kazini na moto. Akaja binti mmoja wa miaka ishirini na mbili hivi, mimba ya miezi sita, ya pili. Kipimo kikaonyesha kaswende. Nilitakiwa kumchoma sindano palepale. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Mdogo wangu, wiki ijayo njoo na mumeo, mtibiwe pamoja." Sikumuuliza hata anaishi na nani. Akaitikia kwa adabu, akaondoka bila dawa.

Wiki iliyofuata benchi limejaa wajawazito. Nikatoka na kadi yake mkononi nikauliza kwa sauti, "Mume wa huyu binti yuko wapi?" Akasimama bibi mmoja wa miaka kama sitini na tano, kajifunga kitenge kipya, kajipaka mafuta, akasema, "Mume ni mimi." Benchi zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Mimi niliyepigiwa makofi kwa kutomwaibisha mgonjwa! Bibi akamshika mkewe mkono wakaondoka. Nikawakimbilia hadi getini naita, wala hawakugeuka.

Nilikosa usingizi. Kaswende bila dawa, mtoto anaweza kufia tumboni au akazaliwa mgonjwa. Nikachukua bodaboda hadi kwao. Nikamkuta Bibi anaanika udaga wa muhogo. Nikapiga magoti nikaomba msamaha, nikamsihi amruhusu mkewe arudi kliniki. Akaniacha hapohapo chini, akasema, "Binti, uliita mume, nikaja. Mkanicheka. Haya, mume nakuuliza: mke wangu anaumwa nini? Usiponiambia, huko harudi. Atazalia hapahapa, kama nilivyowazaa mabinti zangu."

Nikasema lazima niongee na mgonjwa kwanza. Binti akanisindikiza hadi barabarani, Bibi akituangalia kwa mbali, nikamweleza ugonjwa wake, akaanza kulia. "Dada nesi, ukimwambia nimekwisha. Atasema nina mwanaume mwingine. Huyo mwanaume aliyenichagulia anamwamini kuliko mimi. Nitarudishwa kwetu, na mwanangu wa kwanza atabaki, maana ni wa nyumba ya Bibi." Nikamwambia atoroke hata siku moja aje nimchome. Akasema tangu siku ile ya kicheko hatoki nyumbani bila kuongozana na Bibi. Nikawaza, basi nimpelekee sindano nyumbani? Lakini ile dawa mtu anaweza kuzidiwa papo hapo, lazima awe kituoni. Na huyo mwanaume asipotibiwa naye, si atamwambukiza tena?

Nikamfuata mfawidhi. Akasema bila hata kuniangalia, "Andika mgonjwa amekataa huduma, funga faili." Amekataa wapi? Mimi ndiye niliyemfukuza kwa kicheko! Nikawapigia waliotufundisha, wakanijibu nizingatie mwongozo. Mwongozo nimeusoma wote, Bibi wa watu humo haonekani. Hasira niliyonayo sijui niitue wapi. Kwa waliotufundisha, kwa bosi, ila zaidi kwangu mwenyewe, maana kutibu siku hiyohiyo niliandika kwa mkono wangu na nikapigia mstari.

Sasa niko njia panda. Nikimwambia Bibi, binti atatibiwa lakini nitakuwa nimevunja siri yake, na atanyang'anywa mtoto wake wa kwanza. Nikinyamaza, huyu aliyeko tumboni ndiye atalipa. Wiki tatu zimepita. Mume wangu ananiambia niachane nayo, eti wagonjwa ni wengi. Naomba manesi wenzangu, wazee wa Mara, na ninyi mlioolewa kwenye nyumba hizo, msinitukane tu, nielekezeni pa kuanzia.

Asubuhi hii binti ameazima simu ya jirani akanitumia ujumbe: "Dada nesi, leo mtoto anacheza sana tumboni. Si inamaanisha ni mzima?" Nimeusoma mara nyingi, bado sijajibu. Nimjibu nini jamani?