Mikono Kumi Kila Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilimtoboa mama mmoja mara sita na sikupata mshipa. Nilikuwa nimetoka shule ya wauguzi na diploma yangu, blauzi nyeupe, lile koti la kazi, imepigwa pasi, kichwa juu. Kituo chetu cha afya kilikuwa kando ya barabara ya Fizi, mbele kidogo ya Makobola, na msimu ule kipindupindu kilikuwa kimeingia vijiji vya wavuvi.

Ninyi ambao hamjawahi kukiuguza, niwaeleze. Maji humtoka mtu kwa saa chache mpaka macho yanazama. Anayeweza kunywa hunyweshwa. Aliyezidiwa hurudishiwa maji kwa serumu, moja kwa moja kwenye damu. Taabu ni kwamba mwili ukikauka, mishipa nayo hulala. Unafunga garo, ule utepe wa mpira wa kubana mkono, na hakuna kinachojitokeza.

Muuguzi mkuu, tuliyemwita Mama Titulaire, alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwetu. Alininyang'anya sindano, akafumba macho, akapapasa mkono wa yule mama, akaingiza mara moja. Serumu ikaanza kudondoka.

"Weye Bahati, uko natafuta mushipa na macho," aliniambia. "Macho itakudanganya. Tafuta na vidole."

"Minye sisikie kitu, Mama Titulaire."

"Utasikia. Lakini miezi mbili ikipita na bado uko natoboa watu bure, ntakuandikia barua urudi kwenu."

Kwetu ni Kamanyola, ambako mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kuniita docta. Kurudi na barua ile nisingeweza.

Basi kila asubuhi, kabla ya kuvaa blauzi, nikawa nafumba macho na kupapasa mikono kumi: ya wenzangu, ya mlinzi, ya akina mama waliokuwa wakianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni. Hao walinicheka bila huruma. "Docta iko natafuta bibi wa kuoa!" alipiga kelele mmoja wao, Mama Sifa, mwenye mdomo kuliko wote. Lakini mkono alinipa, mgumu, umejaa magamba ya samaki. Wiki ya kwanza sikusikia ila joto la ngozi. Ya pili vilevile. Ya tatu nilikata tamaa nikaacha siku moja, na sijui bosi wangu alijuaje.

"Leo hukushika mutu," alisema. "Kesho utashika makumi mbili."

Mwezi wa pili ulikuwa unaelekea kuisha walipomleta Mama Sifa asubuhi moja, amelazwa juu ya mlango wa mbao. Hakuwa na sauti tena. Mkono wake ulikuwa baridi na mapigo sikuyapata. Mama Titulaire alikuwa ameinamia mgonjwa mwingine na hakuweza kumwacha.

"Fanya weye," alisema bila kugeuka.

Nilifunga garo, nikafumba macho. Chini ya ngozi ile kavu, karibu na kiwiko, kidole kikakuta kitu laini, kinabonyea na kurudi. Nikaingiza. Damu ikaonekana. Nikafungua serumu yote.

Niliyoyaona baada ya hapo yananishangaza mpaka leo. Mapigo yalirudi chini ya kidole changu, kwanza hafifu, kisha wazi. Macho yakapanda. Alasiri Mama Sifa aliketi, akaomba ugali, akanitazama. "Docta, leo umenishika bila kuuliza," alisema. Nilitoka nje nikalia kwa mshangao, kwa maana asubuhi ile nilikuwa nimeshika mtu aliyekuwa anaondoka.

Barua haikuandikwa. Nilihamishiwa Kamanyola, kisha hospitali mjini Uvira, ambako daktari mkuu alizoea kuniita kila wengine waliposhindwa. Sasa nimestaafu, naishi Rugenge, na wauguzi vijana hunijia wakitaka niwaambie ni siku gani nilijua kazi.

Nimeitafuta siku hiyo, sijaiona. Hata ile ya Mama Sifa siyo, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshajua na mimi sina habari. Nikirudi nyuma nakuta zile asubuhi tu, na kila moja niliimaliza nikiamini kabisa kwamba sijajifunza kitu.