Kwanza Kiti, Kisha Uji

Asubuhi ile, kwetu Kivu, mdogo wangu Neema alikuwa akinisuka. Alikuwa amefika nusu ya kichwa. Mama alichambua maharage. Jirani akapita mbio.

"Wamefika! Tokeni!"

Tulitoka. Mama akarudi ndani kuchukua viatu.

Tukasikia milio ya risasi.

Neema alichungulia kwa nyuma ya ukuta. "Mama amekufa," aliniambia. "Kimbia."

Nikakimbia. Mtoni umati ulitutenganisha.

Sikumwona tena. Miaka baadaye, huko Kigoma, niliolewa na Masanja, dereva wa lori, akanileta kwao Zagayu kulima pamba. Kila alipokwenda Bariadi aliwapigia simu watu wa shirika linalotafuta ndugu waliopoteana. Kila mara alirudi na jibu lile lile: bado.

Mwaka wangu wa kwanza, kaka yake alifariki kwa ajali ya pikipiki. Mimi ndiye niliyepokea simu. Nilikwenda moja kwa moja shambani alikokuwa mama mkwe, ambaye sote tulimwita mayu.

"Mayu, mwanao amekufa."

Alianguka juu ya pamba aliyoichuma.

Jioni wifi yangu Kabula alinivuta pembeni. "Huko kwenu mnapiga watu kwa mdomo?"

"Ningesemaje?"

"Unamsalimia. Unampa kiti, anywe hata uji. Halafu unasema mtu anaumwa sana. Mengine atayafikia mwenyewe."

Niliona ni uongo. Nilikotoka, jirani angeanza na salamu, sisi sote tungekufa. Lakini nilijifunza. Nilipiga goti, nikasalimia, nikauliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watu. Nilizungumza kama mtu anayepita penye matope.

Msimu uliopita nilirudi kutoka shambani mchana. Lori la Masanja lilikuwa uani, siku mbili kabla ya wakati wake. Kigoda kilikuwa kimewekwa kivulini. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kunihudumia, alinishikisha kikombe cha uji kwa mikono miwili.

"Mwadila, Furaha," alinisalimia kwa lugha yao.

"Mwadila, mayu."

"Pamba imepasuka?"

"Imepasuka vizuri."

Kabula alitazama chini.

Masanja alikohoa. "Wale watu wa kutafuta ndugu wamepiga. Neema amepatikana." Akakitazama kikombe changu. "Anaumwa sana."

Ningeweza kumwambia aseme tu, mimi nimetoka vitani. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Sikusikia chochote ndani yangu, ila joto la kikombe.

"Ng'ombe wamekunywa maji?" niliuliza.

"Wamekunywa, mwanangu," alijibu mama mkwe.

Mpaka leo hakuna aliyenitamkia neno "amekufa", nami sijaliuliza. Mama yangu aliondoka katika pumzi moja ya Neema. Neema mwenyewe nilipewa muda wa kukaa naye, akiwa mgonjwa tu, kwa kadiri uji ulivyobaki.

Nilikunywa polepole. Ulipokwisha, nilimnyooshea mayu kikombe.

Akaniongezea.