Saa Tisini na Tatu na Dakika Arubaini

Mashujaa wa michezo ya video ya Kijapani hawana adabu. Nimecheza mingi, tangu ile ya kaseti hadi hii ya leo yenye sauti za waigizaji, na bado sijamwona shujaa aliyepiga hodi. Anaingia nyumba ya mtu, mwenyewe kasimama pale pale, anafungua kabati, anachukua dawa na sarafu, anatoka. Mwenye nyumba anamweleza habari za njia ya milimani. Mama yangu alipoyaona hayo mara ya kwanza aliacha sindano yake hewani.

"Huyu ndiye mtu mwema wenu? Mbona yuwaingia majumba ya watu kama mwizi?"

"Ndivyo kwao, mama," kaka yangu akamjibu. "Kila nyumba ni ya shangazi yake."

Kaka ndiye aliyeuleta mchezo nyumbani. Ilikuwa miaka ya tisini, naye alikuwa akifanya kazi katika yadi ya magari upande wa Makupa, ya kuyasafisha ndani magari makuukuu yaliyoteremshwa bandarini kutoka Japani. Watu wa huko walisahau vitu vyao humo: miavuli, viatu vya mtoto, kanda za muziki. Siku moja, chini ya tairi la akiba, akakuta mashine ya mchezo na kaseti moja. Tajiri wake alimwambia achukue, kwani vitu vya namna hiyo yeye alikuwa akivipeleka jaani Kibarani.

Mhindi mmoja fundi wa redio, jirani yetu hapo Mji wa Kale, alitutafutia transfoma ili umeme wetu usiichome. Picha ikatoka bila rangi. Fundi alisema TV yetu na mashine ile hazisikilizani, tushukuru hata kuona kitu. Miaka mingi baadaye niliuona mchezo ule ule na rangi zake zote, nyasi zinang'aa, bahari imeiva buluu, nikakasirika kana kwamba mtu kaingia nyumbani kwetu na kupaka kuta bila idhini. Mimi nasema ulikuwa mzuri zaidi ukiwa wa kijivu, na hilo sibishani na mtu.

Maandishi yalikuwa ya Kijapani, na hakuna kati yetu aliyejua hata herufi moja. Kaka alitusomea hivyo hivyo. Mfalme akifungua kinywa, kaka anasema: "Anasema beberu wake kapotea, na binti yake pia kapotea, lakini tuanze na beberu." Nimekuja kuucheza kwa Kiingereza nikiwa mtu mzima. Mfalme hakuwa na beberu. Alikuwa akieleza nuru na giza na ahadi ya mababu, maneno mengi ya kulalia. Hadithi nyingi za michezo hii zina ugonjwa huo wa kutaka kuokoa dunia nzima. Mimi bado namtaka beberu.

Kaka alizaliwa na ugonjwa wa damu. Ulikuwa ukimkamata kwenye viungo, ukamlaza wiki nzima, na wiki hizo ndizo alizokuwa akicheza. Baba alikuwa kazini Arabuni, nyumbani tuko watatu tu. Mama alikuwa akishona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, na kaka akiwa mgonjwa aliipandisha kazi yake ghorofani akakaa naye, jicho moja kwenye kofia, jicho moja kwenye TV.

Katikati ya mchezo, mpishi mnene wa kundi letu alikufa. Si kwa kushindwa vitani. Hadithi yenyewe ndiyo iliyomuua. Sisi mkobani tulikuwa na chupa saba za dawa ya kufufua.

"Mpe ile dawa," mama akasema.

"Haikubali, mama."

"Na jana je? Si alianguka, ukampa, akainuka?"

"Jana alianguka tu. Leo amekufa."

Wachezaji wengi hulalamika kuhusu jambo hili. Wanasema ni uvivu wa watunzi: dawa ifanye kazi siku zote, ama isiwepo kabisa. Siwaungi mkono. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilisoma habari za mauti na shuleni nikazisoma, lakini mauti niliyaelewa siku ile, nikizitazama chupa saba zisizofaa kitu.

Mchezoni, alipofika kwenye nyumba ya wageni ya mwisho, mbele ya pango la mwisho, kaka alikataa kuingia. Alisema atamalizia akipata nafuu. Hakuipata. Maumivu yalimshika vibaya zaidi, akapelekwa hospitali, na siku ya tatu tukamrudisha nyumbani kuoshwa.

Baada ya khitma mama alipanda juu na kofia yake saa za alasiri, kama kawaida yake. "Hebu niwashia nimuone," akaniambia.

Ukiiwasha kaseti ile, kwanza ilionyesha mistari mitatu ya michezo iliyowekwa, yaani iliyohifadhiwa pale mchezaji alipoachia. Wa juu ulikuwa wa mtoto asiyejulikana wa huko Japani, ambao kaka alikataa kuufuta kwa kuwa ni mali ya mwenyewe. Wa pili wa kaka: herufi nne alizozichagua kwa kupenda umbo lake, na saa alizocheza, 93:40. Wa tatu wangu, nao ulikuwa aibu tupu. Mama alizisoma zile tarakimu kwa sauti. Nikaufungua mstari wa kaka, shujaa akatokea kasimama nyumba ya wageni, wimbo wa pale ukilia. Tukatazama. Kisha nikazima bila kuweka chochote, ili saa zisiongezeke.

Tulifanya hivyo kila alasiri. Picha za kaka zilikuwepo, lakini mama alikuwa amezifungia sandukuni. "Picha imekwisha pigwa," alisema. "Huyu bado yuwangoja."

Kisha mama akaenda Lamu. Ndugu yake alikuwa amejifungua, naye akaenda kumlea arubaini yake. Mimi nilikuwa likizo, nikabaki na jirani akinichungulia. Asubuhi ya pili nikaamua kuufuta mstari wangu nianze upya. Mshale ulikuwa kwenye mstari wa kaka, nami nikabofya kabla ya kuushusha. Likaja swali na majibu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu. Kazi hii siku zote aliifanya kaka. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni. Maandishi nisiyoyajua niliyaanza upande wa kulia, kama nilivyofundishwa. Basi la kwanza, la kulia, ni ndiyo. La pili, la kushoto, ni hapana. Nikabofya la kushoto.

Mstari ukatoweka. Kulikuwa na mlio mdogo, wa furaha kidogo, mlio ambao hadi leo nikiusikia katika mchezo wowote mwili unanisisimka. Sikulia. Niliogopa sana hata kilio hakikuja. Nilijua mama atarudi, atapanda juu na kofia yake, atasema nimwashie amwone.

Nikaanza tena katika mstari wa pili. Herufi nne zile zile, kwa kukumbuka maumbo. Nilicheza tangu chai hadi magharibi, sipiki, nakula mkate na kahawa ya jirani. Nilipita kwa mfalme bila kumsikiliza. Nilimpita mpishi nikijua atakapofia, na alipokufa nilibofya haraka maneno yapite. Siupendi mchezo unaochezwa hivyo, na sikuupenda hata wakati ule. Kila mtu humo alikuwa akiniambia kitu nami nampita. Kwa kuwa njia nilikuwa naijua, nilifika kwenye nyumba ya wageni mapema mno. Saa zilikuwa sitini na moja.

Hapo nikafanya jambo ambalo bado linanitisha. Niliweka chini padi, ile ya vitufe vya kuchezea, na kuiacha mashine iwake. Shujaa amesimama, wimbo unazunguka, dakika zinajaa zenyewe. Nikawa nakaa ngazini, maana chumbani sikuweza kukaa. Ule wimbo ulishuka ngazi, ukaingia jikoni, ukaingia hata katika sala yangu. Nilikuwa na hakika nikifungua mlango ghafla nitamkuta mtu.

Mama alirudi kabla ya siku zake, zikiwa zimebaki saa ishirini na kitu kuzifikia za kaka. Nikamwambia mashine imepata unyevu, fundi kaagiza iachwe iwake ipate joto, asiingie. Akakubali. Siku tatu mfululizo niliiwasha asubuhi na kufunga mlango, naye akashonea kofia jikoni. Ya tatu, alasiri, nikakaa mbele ya saa ya ukutani nikihesabu, nikaweka mchezo kwa dakika yake hasa. Nikazima, nikawasha tena kuhakikisha. 93:40. Nikamwita.

Alikaa mahali pake. Alizisoma tarakimu kwa sauti. Nikaufungua mstari, na shujaa alikuwa pale pale. Mama alimtazama kwa muda mrefu, nami nikaanza kupumua.

"Saa hizi nimezisikia," akasema. Hakuwa na hasira. "Siku tatu, wimbo ule ule. Ndugu yako nilikuwa nikimsikia vidole kwenye vile vitufe, hata nikiwa jikoni. Kwa vidole nilikuwa nikijua yuwaumwa kiasi gani."

Nikanyosha mkono nikaupunguza wimbo.

"Saa zake zilikuwa na mtu ndani," akasema, kisha akachukua kofia yake akashuka. Hakuniambia tena nimwashie.