Wavu Niliosema Nimeufunga

Mpaka leo nikipita Matondoni naona haya kuinua uso, na mtu akiniambia, "Athman, hebu shika hii juu kidogo," iwe ni turubai, iwe ni kamba ya nguo, najua papo hapo huyo alikuwapo siku ile, basi namwacha acheke amalize ndipo niendelee na safari yangu. Sijitetei. Ningekuwa mimi ndiye niliyekaa pale kwenye mkeka nikamwona mtu mzima amesimama baharini namna ile, nami ningecheka (si mwanzoni, mwanzoni hapakuwa na kichekesho, lakini baadaye ningecheka).

Nilikuwa nimepata nafasi ya mafunzo ya msimu kwa kikundi kidogo kinachofanya kazi ya kuwavisha pete ndege wa pwani, wale wadogo wenye miguu mirefu wanaotukimbilia huku Lamu kwao kukiwa na baridi, wakashinda wakidonoa matope maji yakipwa. Tunatega nyavu nyembamba sana, nyembamba hata ndege hazioni, anaruka anaingia, anaangukia kwenye mfuko wa wavu kwa chini, unamtoa kwa vidole taratibu, unamtia kwenye kifuko cha kitambaa, anapimwa uzito, anapimwa bawa, anavishwa pete ya chuma yenye namba, anaachiwa aende zake. Kiongozi wetu alikuwa Bi Rukia, mwanamke mpole wa kutoka Lamu mjini kama mimi, mpole kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: wavu ukiwa wazi hauachwi peke yake. Ama una mtu, ama umefungwa. Hilo alilisema asubuhi akalisema jioni, tukawa tunalisikia hata usingizini.

Mwenzangu alikuwa Kevo, kijana wa Nakuru, ambaye alifika hajui kutofautisha kaa na kamba lakini akapenda kazi kuliko sisi sote.

Sasa siku yenyewe ilikuwa siku ya wazee. Maneno yalikuwa yamezagaa kijijini kwamba sisi tunakamata ndege kuwauza, mara pete zina mitambo ya kuchungulia watu, mara tunapima fungu, ule mchanga unaotokea maji yakipwa, ili baadaye lizuiwe watu wasiende kuvua. Na huwezi kuwalaumu, kwa sababu tangu waone ng'ambo kule Kililana watu wenye vifaa vya kupimia wakija na bandari ikifuata, mtu akiona futi ya kupimia tu anauliza maswali. Bi Rukia akaomba wazee waje waone kazi kwa macho yao, kisha waseme wenyewe kama tukae au tuondoke. Aliyetupatia kikao hicho ni mama yangu mdogo, Bi Mwanaesha, aliyeolewa Matondoni zamani na anaheshimika huko. Alikwenda nyumba kwa nyumba akisema, "Yumo Athman wetu, mwana wa dada yangu, hawezi kufanya mambo ya kipuuzi." (Maneno hayo hayo. Niliambiwa baadaye na watu zaidi ya mmoja, walihakikisha nimeambiwa.)

Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye jamaa pale kijijini, Bi Rukia akaamua mimi ndiye niseme na wazee.

Basi nikaazima kanzu ya shemeji yangu, nyeupe, ya kitambaa kizuri, na badala ya kuivaa wageni wakikaribia kama mtu mwenye akili, nikaivaa mapema nipigwe picha kwanza. Kevo akanipiga picha tele. Tukiwa bado kwenye picha Bi Rukia akapiga kelele kutoka chini ya turubai, "Fungeni nyavu zote, wazee wako njiani!" Zilikuwa nne. Kevo akaenda kwenye mbili za kulia, mimi za kushoto. Wa kwanza wangu nikaufunga kanzu nikiwa nimeikunja kiunoni. Wa pili, yaani ule wa mwisho kabisa, ulikuwa ng'ambo ya kipande cha matope meusi, matope ya mikoko yale yanayonuka na yasiyotoka nguoni hata ufue kwa sabuni gani. Nikasimama ukingoni nikautazama. Hauna ndege. Maji yako mbali. Nikaitazama kanzu ya watu. Nikajiambia, niseme na wazee kidogo, halafu nivue niende nikaufunge, nani atajua.

Ndiyo hapo tu. Mengine yote yalitoka hapo.

Nikarudi. Kevo akaniuliza, "Buda, zako zote umefunga?"

"Zote."

Akamgeukia Bi Rukia akainua kidole gumba. Bi Rukia akashusha pumzi, akatengeneza mtandio wake, na wazee wakaingia.

Ninachotaka muelewe ni namna tulivyokaa. Wazee na akina mama walikaa mikekani wakiielekea meza ya kupimia, migongo yao baharini, ili jua lisiwachome macho. Bi Rukia na Kevo walikuwa pembeni, meza na masanduku yanawazibia. Mimi nilisimama mbele ya watu, uso baharini. Katika umati mzima ule, macho yaliyouona wavu yalikuwa haya yangu mawili.

Ikaanza dua. Mzee Shee, aliyekuwa mkubwa wao, akaomba dua ndefu, nami "amin" natoa, jicho liko kwenye fungu. Wavu bado mtupu. Zikaja salamu, utambulisho, kahawa. Nami sikukumbuka, mimi mzaliwa wa pwani hii, kwamba siku zile zilikuwa za bamvua, na maji ya bamvua hayaji kidogo kidogo. Nilipoanza kusema neno langu la kwanza fungu lilikuwa limeshakuwa jembamba, na ndege wote waliokuwa wametawanyika huko mbali walikuwa wanasukumwa na maji kuja upande wetu, kwa sababu ndivyo tulivyoutega wavu ule, tuliuweka pale makusudi wanapopita maji yakijaa.

Nikauona unatikisika. Ndege mmoja.

Nikaendelea kusema. Sijui nilisema nini, nadhani nilikuwa naeleza wanakotoka. Wakaingia wawili kwa pamoja. Nikamtazama Bi Rukia nimwambie kwa jicho, naye akanitabasamia akaitikia kwa kichwa, kama anayesema vizuri, endelea. Ningeweza kusema hapo hapo, "Wazee wangu niwieni radhi, kuna wavu sikuufunga." Ni maneno machache. Lakini nilikuwa nimeshasema zote, na Kevo yupo, na mama mdogo kaahidi watu. Nikaongeza kasi ya kuzungumza, nikidhani nitamaliza kabla ya maji (mtu anashindana na bahari kwa mdomo!), na kila nikifika mwisho wa habari, mzee mmoja anainua mkono ana swali.

Kundi zima likaingia. Wavu ukalegea katikati kwa uzito, ule mfuko wa chini ukashuka karibu na maji, na maji yanauendea.

Mzee Shee akasafisha koo. "Kijana wetu, umesema vizuri. Mimi nina swali moja tu. Katika kukamata huku, wangapi hufa?"

Nilikuwa namtazama yeye na nyuma ya kofia yake nauona wavu unagusa maji.

"Hakuna, mzee," nikasema. "Hata mmoja."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Na hapo, kutokea upande wa nyumba, akaja mama mdogo na sinia la mahamri kichwani, amechelewa kwa sababu alikuwa jikoni kwa ajili yetu, na kwa vile alikuja kwa ubavuni aliiona bahari. Akasimama.

"Athman," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "na wale nyuni kule, mbona mai yawapata?"

Mikeka yote ikageuka kutazama ndege na maji.

Sikumbuki niliondokaje. Nakumbuka Bi Rukia akisema jina langu mara moja, si kwa ukali, kwa namna ya mtu aliyechomwa, kisha niko kwenye matope yale yale niliyoyakimbia, mguu unazama mpaka gotini, nautoa, unazama mwingine, viatu vimebaki huko huko na hadi leo vimo. Nilipofika maji yalikuwa juu ya magoti na safu ya chini ya wavu iko majini, ndege wanapapatika, wanatoa vichwa, wanazamishwa na mawimbi madogo. Vifuko viko mezani. Mkasi uko mezani. Nikishika kumtoa mmoja, wengine wanazama. Basi nikafanya lililobaki, nikaingia chini ya wavu pale ulipolegea, nikaikamata ile kamba ya chini kwa mikono miwili nikainyanyua juu ya kichwa changu, wote wakawa hewani, wananining'inia kulia na kushoto, wananipiga mabawa usoni.

Ikawa siwezi kuachia. Nikiachia wanazama. Na nikisimama nazama mimi, kwa sababu pale chini pia palikuwa na matope. Nikapiga kelele, "Kevo! Vifuko! Leta vifuko!" sauti imenikatika kama ya mtoto, na pwani kijiji kizima kimesimama.

Na kanzu sasa. Maji yalipopanda, kanzu nayo ikapanda, ikavimba ikaelea pande zote kama mwavuli, na mikono yangu iko juu siwezi kuishusha. Ndani nilikuwa na bukta kuukuu yenye tundu nyuma. Nikasikia mtu pwani anasema, "Jamani, mtu mzima yule," na mwingine, "Simu iko wapi?" Najua ilipatikana, kwa sababu video niliiona.

Kevo alizunguka kwa upande wenye mchanga mgumu, Bi Rukia nyuma yake na gauni lake limelowa mpaka kifuani, wakaanza kuwatoa mmoja mmoja. Hawakuharakisha, mambo haya ukiharakisha unavunja bawa. Mikono ilianza kunishuka. "Usishushe," Bi Rukia akasema bila kunitazama. Maji yakafika kiunoni, yakapita. Nilikuwa nahesabu pumzi tu. Kifuko kikijaa Kevo anakitundika shingoni, mwishowe akawa kama mchuuzi wa maembe, na mimi machozi yananitoka na siwezi kuyafuta.

Walipomaliza Bi Rukia akasema, "Shusha." Nikashusha. Nikataka kutoka, miguu haitoki. Nimeota pale.

Waliokuja kunitoa ni akina mama. Mama mdogo mbele, wamefungua leso zao za juu, wakazifunga fundo kwa fundo zikawa kamba ndefu, wakanirushia kutoka kwenye mchanga. "Zunguza kiunoni! Ndoo huku! Vuta!" Wakavuta kama wanavuta mashua, matope yakatoa mlio ambao sitaueleza, nikatoka kifudifudi, nimekokotwa, kanzu imepanda kwapani. Leso moja nikajifunga kiunoni nikapanda nayo pwani mbele za watu.

Hapo vicheko vilikuwa vimeshaanza, ila vikazimika, kwa sababu Bi Rukia alikuwa ameketi juu ya sanduku na ndege mmoja kiganjani, anampuliza, anampapasa kifua kwa kidole. Alikuwa wa safu ya chini. Wengine walikuwa wameanikwa juani ndani ya kikapu, manyoya yanakauka, wazima. Huyu hakuinuka. Bi Rukia akaninyooshea nimchukue.

Nikamchukua. Nikaenda mpaka kwa Mzee Shee nikapiga magoti, leso na matope na yote, na wote wanasikia.

"Mzee, huyu amekufa. Ule wavu nilisema nimeufunga, sikuufunga. Sikutaka kuchafua kanzu. Bi Rukia na Kevo hawakujua. Ulipouliza, nilikuwa nawaona wanaingia."

Alimtazama ndege, kisha mimi. "Uliniambia hata mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Na tulikuwa tumeamini."

Hilo lilinichoma kuliko video.

Wazee walikwenda kando wakazungumza peke yao, sisi tunangoja tumelowa, hakuna aliyegusa mahamri. Walivyorudi wakasema tutakaa, lakini kila wavu utakaa na mtu wa Matondoni, mchana wote, naye ndiye atakayesema umefungwa au haujafungwa, si sisi. Kwangu mimi Bi Rukia alisema nisiguse wavu mpaka atakaponiambia. Nikawa mfua vifuko, navisugua mavi ya ndege, naanika, nakunja. Kevo hakunisema. Siku mbili tatu tu hakunitania, na kwa Kevo hiyo ni adhabu.

Mama mdogo ndiye aliyenimaliza. Jioni ile alinipa chakula, akanipa nguo za mumewe, akaifua kanzu ya shemeji mwenyewe mpaka vidole vikamwiva (haikutakata, nikamnunulia shemeji nyingine). Kisha akaketi mbele yangu.

"Mimi yeo sikujua," akasema (yeo kwetu ni leo). "Ningejua ningekuita kando nikunong'oneze."

Alikuwa ananiomba radhi. Mimi, niliyemwaibisha mbele ya watu aliowaendea nyumba kwa nyumba, yeye ndiye anaomba radhi. Nikalirudisha tonge sahanini.

Msimu ulipokaribia kwisha Bi Rukia alinirudishia wavu mmoja. Tangu siku hiyo nikiulizwa kazi kama nimeifanya na sijaifanya, nasema sijaifanya, mbele ya yeyote, hata iwe ni aibu, hata iwe nimevaa nini. Watu hununa kidogo, mimi huenda nikaifanya, nikarudi. Sitaki tena kusimama mbele ya watu walioniamini, nikiwa mimi peke yangu ninayeiona bahari.