Hoja za Dada

Niseme ukweli mapema, msije mkanionea huruma bure: mdogo wangu nilimwonea wivu, tena ule wivu wa kuumwa tumbo.

Mimi ni kifungua mimba, yeye kitinda mimba, na kati yetu kuna miaka kumi na minne. Nilimbeba mgongoni. Nilimfundisha kusoma saa, kufunga kamba za viatu, na alipokua, kuandika programu. Hata kazi nilimtafutia mimi, kwenye ofisi yetu ya watu tisa. Tunatengeneza mfumo wa benki ya damu ya hospitali: nani kachangia, chupa gani iko rafu gani, ipi inakaribia kuharibika.

Kwa miaka kumi na moja, kila hoja, yaani swali la kuiuliza hifadhidata ya mfumo ule, niliiandika kwa mkono wangu. Zilikuwa mia tatu na ushee. Ofisini waliniita Mama Hoja, nami nikajifanya jina hilo linanikera.

Siku moja bosi wetu, tunayemwita Kikao kwa kuwa hawezi kununua hata kalamu bila kuitisha kikao, akasema mambo yote yamo kichwani mwangu, nikiugua kazi inalala. Tutafute zana ya kukaa kati ya programu na hifadhidata. Unaiambia tu, nipe chupa za leo, na hoja inaiandika yenyewe. Nikanyoosha shingo kungoja kutajwa.

"Dogo atuchagulie," alisema Kikao, akimwonyesha mdogo wangu. "Ana macho mapya."

Macho mapya! Ya kwangu yalichakaa kwa kukagua kazi za huyo Dogo.

Wiki tatu alijaribu zana tatu, moja baada ya nyingine, akijenga kwa kila moja ukurasa uleule wa chupa na wachangiaji wake. Watu wakawa wanaizunguka meza yake. Yangu ikabaki na mimi na feni. Alipomaliza akaandika kurasa tatu za maelezo, akaniletea.

"Dada, naomba unisomee kabla sijampa Kikao."

"Nitasoma."

Nikaweka kikombe cha chai juu ya karatasi zile. Na hapo kikombe kikapata makao.

Jumapili mama akapiga simu. "Nasikia mwenzio ndiye anachagua mtambo mpya. Kumbe ana akili hivyo!"

"Mama, sikio halipiti kichwa."

"Sawa, lakini ndilo linalosikia," akasema mama, akacheka mwenyewe.

Roho iliniuma mpaka nikafanya kitu cha kitoto: nikaanza kujifunza kwa kificho zana ile aliyoichagua. Saa ya chakula nilijifungia chumba cha mashine, kwenye kiyoyozi kikali, nimejitanda mtandio, nikisoma maelezo na kuharibu na kuanza upya. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na kweli mara nne nilikwama kwenye jambo ambalo Dogo angenieleza kwa sentensi moja. Nisingemuuliza hata kwa bunduki. Mbele ya watu niliendelea kusema zana hizi ni za vijana, mimi siziwezi.

Ilikuwa Jumanne nilipoona. Nilifungua kumbukumbu ya hoja ambazo zana inaandika kwa siri nyuma ya ukurasa wa Dogo. Iliuliza mara moja: nipe chupa zote. Kisha kwa kila chupa ikarudi tena kuuliza, hii ni ya nani? Ni kama mtu uliyemtuma mayai thelathini, akaenda dukani mara thelathini. Dogo alikuwa anajaribu na chupa kumi za mfano, hakuona kitu. Hospitali ilikuwa na rekodi elfu nne. Dawa yake ni mstari mmoja wa kuiambia zana ilete chupa pamoja na wachangiaji wake, safari moja.

Nikafunga kompyuta, nikaenda kunawa mikono.

Siku tisa nilikaa na siri ile. Alipopita akaniuliza, "Dada, kuna kitu umekiona?" nikamjibu, "Kazi nzuri, mdogo wangu." Ulimi haukunikwama hata kidogo.

Alhamisi mkuu wa maabara wa hospitali alikuja na wauguzi wawili kuona mfumo. Dogo akabonyeza ukurasa wa chupa, safari hii kwa rekodi za kweli. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Mkuu wa maabara akatazama saa yake.

"Mgonjwa yuko mezani anatoka damu," alisema, "halafu mimi nasubiri hiki?"

Dogo akabonyeza tena, kiduara kikaendelea. Akanigeukia. "Dada, nisaidie."

Nikainuka taratibu, nikasogea, nikaandika ule mstari mmoja. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Makofi yakapigwa, Kikao akasema ng'ombe hazeeki maini, na pale pale akatangaza kwamba mfumo mpya nitausimamia mimi. Dogo hakupiga makofi. Alikuwa anautazama ule mstari, ulioandikwa vizuri kabisa kwa lugha ya zana niliyoapa siiwezi.

Nilirudi mezani kwangu nimevimba kwa raha. Nikasogeza kikombe. Sijui kwa nini siku hiyo ndiyo nilisoma. Kwenye ukurasa wa tatu, ndani ya duara la chai, alikuwa ameandika: "Zana ya kwanza ni rahisi zaidi, na ndiyo naipenda. Lakini inataka kuandika hoja zote yenyewe. Nimechagua ya pili kwa sababu inaziacha za mkono zikae. Hoja za dada zisiguswe, nimezifungulia faili lake. Ukurasa wa chupa sina uhakika nao, naomba dada aupitie."

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mbele yangu.

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Jumanne ya wiki iliyopita."

Akatikisa kichwa polepole. "Sawa, mhandisi."

Dada ndilo neno lake la kwanza maishani, kabla ya mama, na mama mwenyewe anakubali. Sasa ni mwezi wa pili naitwa mhandisi, kwa adabu zote, hata nyumbani kwa mama tukiwa tunapokezana sahani.

"Mmegombana?" mama aliuliza.

"Hapana mama. Mimi na mhandisi tuko sawa."

Mfumo nausimamia. Hoja zangu hakugusa hata moja, ziko kwenye lile faili alilolifungua yeye na kuliita "dada". Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nalifungua kuangalia kama bado linaitwa hivyo.